Nilisafiri siku nzima, uwanja ukaniangusha: jibu kwa baba anayezunguka viwanja vya besiboli

"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni Mtanzania, naishi Columbus, Ohio, na familia yangu. Mwanangu wa miaka 12 anacheza besiboli shuleni, na mwaka juzi tuliahidiana kuzunguka viwanja vyote 30 vya ligi kuu. Tulianza na vya karibu: Cincinnati, Cleveland, Pittsburgh. Vyote vilitupendeza, ule wa Pittsburgh nusura nilie. Kiangazi hiki tukaenda uwanja wa nne. Nisiutaje, maana wenyewe wana mapenzi nao. Siku nzima barabarani, hoteli usiku mmoja, tiketi za jukwaa la juu safu ya 22. Tulipofika juu nilihisi nimepanda mnazi. Wachezaji wadogo kama punje za mchele, mlio wa gongo unafika mpira ukiwa umeshakwenda zake, nusu ya viti vitupu, na nje ni maegesho ya magari kila upande. Magoti yakaanza kutetemeka, nikasingizia jua. Awamu ya sita kati ya tisa nikamwambia mtoto tuondoke. Yeye alitaka tubaki, kwa sababu ana daftari la kuandika kila mpigaji, na awamu tatu za mwisho zimebaki nyeupe mpaka leo. Je, nilipunjwa? Inakuwaje uwanja ujengwe hivi katika nchi yenye pesa kama hii? Nitajuaje kiti kibaya kabla sijalipa? Na tumepanga kwenda St. Petersburg, Florida, ambako kila mtu ananiambia ndiko kubaya kuliko kote. Tuendelee, au tuchague vizuri na vingine tuviache?"

Ndugu yangu, pole na safari. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikaona umefunga mambo mawili kwenye kanga moja: kuna uwanja, na kuna magoti yako. Nitaanza na uwanja kwa kuwa ndio uliouliza, lakini usiishie njiani. La magoti nalo lina jibu.

Hukupunjwa, kwa maana kwamba ulichouziwa ndicho kilichoandikwa kwenye tiketi. Ila uliingia na dhana ambayo karibu kila mtu anayo, kwamba uwanja ni kitu kimoja, ukiwa mzuri ni mzuri kwa wote na ukiwa mbaya ni mbaya kwa wote. Mimi nimechora majukwaa miaka mingi, na nakuambia uwanja wa watu 40,000 ni viwanja 40,000. Aliyekaa safu ya kumi nyuma ya mpigaji siku ileile, jua lilelile, huenda aliondoka akisifu.

Dhana ya pili ni ya upya. Watu huamini kadiri uwanja ulivyo mpya ndivyo mtu wa juu anavyoona vizuri. Kwa jukwaa la juu mara nyingi mambo yamekwenda kinyume, na chanzo chake ni nguzo.

Mwanzoni mwa karne iliyopita jukwaa la juu lilibebwa na nguzo za chuma zilizosimama katikati ya watazamaji wa chini. Fenway Park wa Boston, uliofunguliwa 1912, na Wrigley Field wa Chicago, wa 1914, bado viko hivyo. Ukikosea tiketi pale unakaa nyuma ya nguzo mchezo mzima, unachungulia kushoto na kulia kama mtu anayemtafuta mdeni wake sokoni. Hiyo ni kasoro, hakuna anayebisha. Lakini kwa kuwa uzito ulikuwa unabebwa hapohapo, jukwaa la juu liliweza kusogezwa mbele kabisa, juu ya vichwa vya watu wa chini. Mtu wa tiketi ya bei ndogo alikuwa karibu na mchezo kiasi cha kusikia wachezaji wakiitana.

Baadaye sisi wachoraji tukaondoa nguzo. Kila kiti kikawa na mtazamo wazi na watu wakashukuru. Gharama yake haikuonekana kwenye tangazo. Boriti isiyo na nguzo mbele inashikwa upande mmoja tu, kama kibaraza cha ghorofani, na haiwezi kutokeza mbele kwa urefu wowote unaotaka. Kwa hiyo jukwaa la juu likarudi nyuma. Halafu zikaja biashara za vyumba vya VIP, vile vyenye makochi na vioo ambavyo makampuni hukodi msimu mzima. Vyumba hivyo vinataka mahali pazuri, na mahali pazuri ni katikati, juu ya jukwaa la chini. Ukiingiza ghorofa yao hapo, jukwaa la juu linapaa. Mtu wa safu ya 22 alisukumwa mara mbili: nyuma kwa ajili ya nguzo, juu kwa ajili ya wenye vyumba.

Ule mnazi uliouhisi nao una hesabu yake. Mzee aliyenifundisha kazi alininyang'anya rula siku ya kwanza nilipoanza kuchora viti. "Chora macho kwanza," akasema. Tunachora mstari kutoka jicho la kila mtazamaji hadi sehemu ya karibu ya uwanja anayopaswa kuiona, kisha tunahakikisha mstari huo unapita juu ya kichwa cha aliye mbele yake. Ukipita kwa sentimita 9, kazi nzuri. Ukipita kwa 6, unavumilika. Chini ya hapo utasikia watu wakiambiana "kaa chini!" hadi mwisho wa mchezo. Tatizo ni kwamba kadiri jukwaa linavyokwenda juu, kuzipata sentimita hizo kunadai safu zake ziinuke kwa ukali zaidi. Nyuzi 35 ni kama ukomo wa busara. Kwa mwinuko huo, safu yenye kina cha sentimita 80 inapanda sentimita 56 juu ya iliyotangulia, yaani kama vidato vitatu vya ngazi ya nyumbani. Zidisha kwa 22. Kutoka ukingo wa jukwaa la juu hadi kwenye kiti chako ulipanda kama mita 12, jengo la ghorofa nne, na hapo sijahesabu jukwaa la chini wala ghorofa ya VIP.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Chicago, na si siri ya mtu. Timu ya White Sox ilicheza Comiskey Park kuanzia 1910 hadi 1990, kisha ikahamia uwanja mpya ng'ambo ya barabara, uliofunguliwa tarehe 18 Aprili 1991. Siku ya kwanza wenyeji walifungwa 16 kwa 0 na Detroit, lakini hilo lilisahaulika. Lisilosahaulika ni jukwaa la juu lenye mwinuko wa nyuzi 35, ambalo safu yake ya mbele kabisa ilikuwa mbali na uwanja kama safu ya mwisho ya jukwaa la juu la uwanja wa zamani. Aliyekuwa akikaa mwisho kabisa kule akavuka barabara, akalipia kiti cha mbele, akajikuta umbali uleule. Mwaka 2004 safu nane za juu ziling'olewa, kama viti 6,600, na paa jipya likawekwa. Leo unaitwa Rate Field, na ukikaa chini ni uwanja mzuri tu wenye chakula kinachosifiwa. Cha kuchekesha, kama ni cha kuchekesha, ni kwamba mwaka mmoja baada ya ule kufunguliwa, kampuni ileile ya wasanifu, HOK, ilimaliza Camden Yards wa Baltimore, wenye ghala refu la matofali la reli nyuma ya upande wa kulia, na kila timu Marekani ikaanza kutaka wa namna hiyo. Kwa hiyo ukiniuliza nchi yenye pesa inakosea vipi, jibu ni kwamba uwanja unajengwa kwa akili ya siku uliyochorwa. Ukichorwa miezi michache kabla fikra hazijageuka, unabaki na kasoro zako miaka thelathini.

Umbali unaiumiza besiboli kuliko mpira wetu wa miguu. Mpira wa miguu una kipenyo cha kama sentimita 22. Wa besiboli ni sentimita 7 na ushee. Ukiwa kwenye jukwaa la mbali la mechi ya Simba na Yanga bado unauona mpira. Kwenye besiboli, umbali uleule, unaona watu wakigeuza vichwa na unakisia mpira uko wapi. Mrushaji anasimama mita 18.4 kutoka kwa mpigaji, na mpira mkali unafika chini ya nusu ya sekunde, huku ukipinda au ukizama. Utamu huo wote, unaofanya watu wazima wapige kelele, kutoka safu ya 22 haupo. Na ule mlio uliochelewa hukuuota. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Ukiwa zaidi ya mita mia kutoka kwa mpigaji, jicho linatangulia sikio kwa theluthi ya sekunde, na hapo akili inaanza kukuambia kwamba yanayotokea kule chini si yako.

Kuna na umbali wa aina nyingine, ambao Mtanzania unaujua bila kufundishwa. Uwanja wa Benjamin Mkapa una njia ya riadha kati ya jukwaa na nyasi, kwa hiyo hata kiti cha mbele kiko mbali na chaki. Huo ndio mtego wa uwanja wa shughuli mbili, na Marekani iliuingia mzimamzima miaka ya 1960 na 1970. Uwanja wa besiboli ni kama kipande cha pai: mistari miwili inayoanzia kwa mpigaji na kufunguka nyuzi 90. Uwanja wa futiboli ya Kimarekani ni mstatili. Wajenzi wakaona watengeneze duara la zege litakaloviingiza vyote viwili. Liliviingiza kweli, lakini halikukaa karibu na chochote. Kati ya mistari ya besiboli na viti kukabaki mapengo makubwa ya ardhi ambayo hakuna kinachotokea humo.

Hapo nikurudishe kwenye safari yako mwenyewe. Viwanja vitatu ulivyovipenda vyote vilichukua nafasi ya majitu ya namna hiyo. Cincinnati ilikuwa na Riverfront, duara, 1970 hadi 2002. Pittsburgh ilikuwa na Three Rivers, duara, 1970 hadi 2000. Cleveland ilikuwa na uwanja wa manispaa uliofunguliwa 1931, wenye viti zaidi ya 70,000, ambamo watu 10,000 walionekana kama wamepotea. Ulianza na watoto wa watu waliokwisha kujuta. PNC Park wa Pittsburgh, uliofunguliwa 2001, una ngazi mbili tu za majukwaa na haufiki viti 39,000; kiti chake cha juu kabisa kiko kama mita 27 juu ya nyasi. Daraja la njano na mto vinavyoonekana kutoka vitini vilikupendeza kwa sababu ulikuwa chini kiasi cha kuviona pamoja na mchezo. Kwa kweli ulianzia kileleni. Sishangai ngazi iliyofuata ilikuwa ya kushuka.

Maegesho ya magari uliyoyalalamikia, hapo siko nawe moja kwa moja. Ni kweli uwanja ulio katikati ya bahari ya lami hauna mtaa, hauna mama ntilie, hauna watu wanaokaa nje baada ya mchezo. Lakini Dodger Stadium wa Los Angeles, wa 1962, umezungukwa na maegesho pande zote, na watu wanaupenda kupita kiasi. Siri yake ni kilima. Umechimbwa ubavuni mwa mlima, kwa hiyo mwenye tiketi ya juu kabisa anaegesha juu na kuingia juu, bila kupanda kitu. Kauffman Stadium wa Kansas City, wa 1973, nao uko kando ya barabara kuu, lakini ulijengwa kwa besiboli peke yake wakati wenzake wote wakijenga maduara, na chemchemi zake za maji bado zinaruka. Lami peke yake haiui uwanja.

Na viti vitupu si kosa la mchoraji. Kila timu hucheza michezo 162 kwa msimu, 81 nyumbani. Ni miji michache sana iliyowahi kujaza uwanja siku zote 81. Ukienda Jumanne ya Mei, shule hazijafungwa, timu inafungwa, utakuta utupu hata mahali pazuri. White Sox walipoteza michezo 121 mwaka 2024; hebu fikiria kuuza tiketi mwezi Septemba wa mwaka huo.

Kiti sasa. Tovuti zipo ambazo mashabiki huweka picha walizopiga wakiwa vitini, kwa namba ya kipande na safu. Angalia picha ya kiti chenyewe, usitosheke na ramani ya rangi ya muuzaji, kwa sababu ramani hukandamiza mwinuko wote ukawa karatasi. Jukwaa la juu si la kukimbiwa. Nyuma ya mpigaji, safu za kwanza tano hadi nane, ni mahali ambapo mimi mwenyewe hununua kwa pesa zangu: unaona umbo zima la mchezo, wakimbiaji wanavyoondoka, walinzi wa nyuma wanavyojipanga kabla mpira haujarushwa. Ninachokikwepa ni viti vya chini vya pembeni, vilivyo karibu na milingoti ya njano inayosimama mwisho wa mistari miwili ya uwanja. Vinaitwa vya chini na vinauzwa kwa bei ya jukwaa la chini, lakini vingi, hasa kwenye viwanja vya zamani, vinatazama majani ya mbele badala ya mpigaji, na utarudi nyumbani na shingo kama ya aliyelalia mto mbaya. Fenway na Wrigley soma onyo la mtazamo kuzibwa, likiwepo, liamini.

Jua nalo lina kanuni. Sheria za besiboli zinapendekeza mstari kutoka kwa mpigaji kupita kwa mrushaji uelekee mashariki-kaskazini-mashariki, ili jua la jioni lisimpige mpigaji machoni. Si viwanja vyote vinavyofuata, ila pale unapofuatwa, upande wa kituo cha tatu, yaani kushoto ukitazama kutoka nyuma ya mpigaji, ndio unaopata kivuli mapema mchana. Tiketi za upande wa kituo cha kwanza, kulia, ni kwa wanaopenda kuungua.

Na ukishakaa mahali pabaya, usivumilie kama uko msibani. Kila uwanja una dawati la kuhudumia mashabiki. Nenda pale kwa miguu yako, useme shida yako bila aibu: niko juu mno, nasikia kizunguzungu, nina mtoto. Siku ambayo nusu ya viti ni vitupu, mara nyingi hukuhamisha, bure au kwa nyongeza ndogo. Usijipenyeze mwenyewe chini kimyakimya. Mhudumu wa jukwaa atakuondoa mbele ya mwanao, na hilo atalikumbuka kuliko mchezo. Viwanja vingi vipya vina njia pana nyuma ya jukwaa la chini ambayo mtu anaweza kusimama akatazama. Nimetazama michezo mizuri sana nimesimama, mkono mmoja na mfuko wa karanga.

St. Petersburg. Wanaokuambia ni kubaya hawasemi uongo, ila hawasemi yote. Tropicana Field ulifunguliwa 1990 kabla mji haujapata timu. Timu yake, Rays, ilianza kucheza humo 1998. Paa lake limeinama kwa nyuzi kama sita na nusu, kama kofia ya mtu aliyechoka, ili pasiwe na hewa nyingi ya kupoza. Chini ya paa kuna pete nne za njia za mafundi, na mipira hugonga pete hizo, kiasi kwamba kuna kanuni maalumu za kuamua mpira uliogonga pete ipi ni nini. Ndani ni zege na mwanga wa taa. Lakini ulijengwa na paa kwa sababu mchana wa kiangazi Florida ni joto la kulowesha shati na mvua ya radi karibu kila alasiri. Familia ikikaa ndani kwenye ubaridi haiuoni ubaya wa zege. Walikuwa hata na bwawa la samaki hai waitwao taa ambao watoto waliwagusa, wale samaki wapana ambao ndio jina la timu. Na tarehe 9 Oktoba 2024 kimbunga Milton kilirarua paa lile vipandevipande, timu ikacheza msimu wote wa 2025 kwenye uwanja mdogo wa Tampa. Kwa hiyo kabla ya kulipia ndege, fungua ratiba ya timu uone mchezo wako umepangwa wapi. Mimi ningeenda. Mwanao akijua kanuni za zile pete, atakaa mdomo wazi akisubiri mpira ugonge moja.

Tuendelee au tuchague? Endeleeni, ila badilisheni namna. Kosa la safari yako ya nne lilikuwa kusafiri siku nzima kwa ajili ya mchezo mmoja; ukipata uwanja mbaya, huna pa kujipoza. Unganisha viwili. Chicago, treni ya mstari mwekundu inakufikisha Wrigley kwa kushuka Addison na Rate Field kwa kushuka mtaa wa 35. New York viwanja vyote viwili vinafikika kwa treni ya chini ya ardhi. Baltimore na Washington ni jirani. Ule mbaya tangulia nao, Jumamosi, na mzuri uufunge nao Jumapili.

Halafu mwende na hadithi. Pittsburgh mliona daraja, lakini sijui kama mtoto alijua kwamba katika uwanja ule, tarehe 26 Aprili 2017, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu, na mara yake ya kwanza kushika gongo akapata pigo safi. Viwanja vibaya navyo vina hadithi, na pengine ndivyo vyenye nyingi. Oakland ilikuwa na Coliseum, zege tupu, pengo la pembeni kubwa kuliko la uwanja wowote, na lile jukwaa refu lililoongezwa katikati ya miaka ya 1990 kwa ajili ya timu ya futiboli, likaziba vilima vilivyokuwa mandhari yake pekee. Kwa kila kipimo changu cha kazi ulikuwa uwanja mbovu. Siku timu inacheza humo mara ya mwisho, 26 Septemba 2024, walikuja watu 46,889. Rula yangu haina jibu la hilo.

Sasa magoti. Kilichokupata hakina uhusiano na uoga wa kitoto wala na umri. Mwili husimama wima kwa kutegemea vitu vitatu: macho, sikio la ndani, na nyayo. Macho hupima kuyumba kwako kwa kulinganisha na vitu vya karibu. Kwenye jukwaa kali hakuna kitu cha karibu mbele yako, kila kitu kiko mita kumi na zaidi, kwa hiyo macho hayaoni kwamba unayumba, miguu inapokea amri zinazopingana, na magoti yanatetemeka. Watu wengi sana hupata hivyo, wakiwemo wajenzi. Mimi mmoja wao. Dawa ya hapohapo ni kukaa, kushika kiti cha mbele kwa mkono, kutazama kitu cha karibu kama daftari au mgongo wa jirani, na kutogeuza kichwa haraka juu na chini. Wakati wa kupanda, shika reli na tazama kidato. Usinunue safu ya mbele kabisa ya jukwaa la juu kwa kudhani ni salama zaidi. Pale kuna ukingo na reli fupi, na kwa wengine ndipo pabaya kuliko kote. Safu ya nne au ya tano, mbali kidogo na ngazi, inatuliza.

Lakini kama kizunguzungu kinakuja hata ukiwa sakafuni nyumbani, ukigeuka kitandani, au kinaambatana na masikio kuvuma au kusikia kupungua, nenda kwa daktari akupime, usiniandikie mimi. Na kikija ghafla pamoja na maumivu ya kifua, kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito au mkono kukosa nguvu, hapo ni 911, hata kama ni awamu ya tisa na timu yako inaongoza.

Mwanao bado anaamini mliondoka kwa ajili ya jua. Mwambie kilichokuwa. Ana miaka 12, anasimama mbele ya mipira inayorushwa kwa nguvu. Kutetemeka magoti anakujua.

Na lile daftari: kila mpira unaorushwa ligi kuu huandikwa, na kumbukumbu ya mchezo wenu ipo mtandaoni, mpigaji kwa mpigaji. Itafuteni kwa tarehe. Wewe usome, yeye aandike, awamu ya saba, ya nane, ya tisa. Mpigaji akitolewa kwa kukosa, yeye huandika K. Akitolewa amesimama tu bila kutikisa gongo, K inageuzwa iangalie nyuma. Hiyo ya kugeuza muulize akuonyeshe.